Jicho Halidanganywi na Sukari ya Siku ya Kliniki

Wauguzi wa kliniki za kisukari wanaujua vizuri mchezo huu. Siku tatu kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye daftari, mgonjwa anaacha chai ya maziwa iliyokolea sukari, anaweka chapati kando, anakula mchicha na kipande cha samaki. Dawa alizokuwa akimeza anapokumbuka sasa anazimeza kwa saa. Asubuhi anafika akiwa hajatia kitu kinywani, anachomwa kidole, mashine inasoma 6.4. Muuguzi anampongeza, daktari anamwandikia dawa zilezile, naye anatoka nje na kuagiza maandazi mawili kwa mama anayeuza pale getini.

Hakuna aliyesema uongo hapo. Mashine imesoma sawasawa na mgonjwa kweli amefunga. Ila 6.4 hiyo ni sukari ya asubuhi moja, na macho ya mwenye kisukari hayaharibiki kwa asubuhi moja. Yanaharibika kwa miezi na miaka, kulingana na sukari yote iliyopita kwenye mishipa yake usiku na mchana, siku za kliniki na siku za harusi. Wastani huo una kipimo chake, HbA1c, ambacho wagonjwa wamezoea kukiita sukari ya miezi mitatu. Kinaangalia ni kiasi gani cha sukari kimenata kwenye chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe hizo huishi siku 120 hivi, haisaidii kitu kula mchicha kwa siku tatu.

Kliniki nyingi za Afrika Mashariki bado zinamhukumu mgonjwa kwa sukari ya asubuhi. Kipimo cha miezi mitatu na picha ya nyuma ya jicho, ambavyo ndivyo vingemwokoa na upofu, vimebaki kuwa mambo ya hospitali kubwa, ya mwenye bima au ya mwenye ndugu mjini. Mpangilio huu una kasoro, na ushahidi wa kasoro hiyo si mpya hata kidogo.

Kwanza, jicho lenyewe. Retina ni tishu nyembamba iliyotandazwa nyuma ya jicho. Ndiyo inayopokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara zinazokwenda kwenye ubongo. Inakula oksijeni nyingi, na inalishwa na mishipa midogo sana. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, seli zinazoshikilia kuta za mishipa hiyo hufa, ukuta ukalegea na kutoa vinundu, mfano wa mpira wa ndani wa baiskeli uliochoka. Vinundu vinavuja maji na mafuta, vingine vinapasuka na kuacha madoa ya damu. Hadi hapo mgonjwa anaona vizuri kabisa. Anasoma ujumbe kwenye simu, anatunga uzi kwenye sindano, anaendesha gari usiku. Hana maumivu, hana wekundu, hana machozi. Ukimwambia aende kwa daktari wa macho atakuuliza, kwa haki yake, kwani macho yangu yana nini?

Baadaye baadhi ya mishipa huziba. Retina yenye njaa ya oksijeni hutoa protini ya kuita mishipa mipya, nayo huja, lakini huota pasipo mahali pake na kuta zake ni dhaifu. Ikipasuka, damu humwagika ndani ya ute wa jicho, na hapo ndipo mtu anapoanza kuona nyuzi nyeusi zikielea mbele yake, au giza linaloshuka ghafla. Makovu yakivuta, retina hubanduka. Kwa wengine tatizo ni maji yanayojikusanya katikati ya retina, mahali pa kusomea na kutambulia sura za watu: mtu anauona mlango, hamtambui anayeingia.

Mitaani yote haya huitwa mtoto wa jicho, na kosa hilo lina gharama. Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi. Huondolewa kwa upasuaji mfupi na mtu akaona tena. Kisukari nacho huuleta mapema, kwa hiyo mkanganyiko unaeleweka. Lakini aliyesubiri ukungu uive ndipo akafanyiwe upasuaji anaweza kufika hospitali na kuambiwa kwamba lenzi haina neno, retina ndiyo iliyokwisha, na retina iliyokufa hairudishwi.

Kuna kisa kingine kidogo ambacho mafundi miwani wanakijua. Sukari ikipanda sana, lenzi hubadilika umbo kwa sababu ya maji, na mtu huona ukungu. Anakwenda dukani, anapimwa, ananunua miwani. Mwezi mmoja baadaye ameanza dawa, sukari imeshuka, lenzi imerudi mahali pake na miwani haimfai tena. Analaumu duka. Ushauri wa siku zote ni kusubiri sukari itulie kwa wiki kadhaa kabla ya kupimwa miwani, lakini ni maduka machache yanayomuuliza mteja kama ana kisukari.

Leo kusema kwamba sukari ndiyo inayoharibu macho kunaonekana kama kusema jua hutoka mashariki. Madaktari walibishana juu yake kwa karibu nusu karne. Kabla ya insulini, ambayo mgonjwa wa kwanza alichomwa mjini Toronto Januari 1922, vijana wenye kisukari walikufa kabla macho hayajapata muda wa kuharibika. Insulini iliwapa miaka, na miaka ikaleta upofu. Elliott Joslin, daktari wa Boston, alishikilia kwamba dawa ni kuibana sukari. Wenzake wengi walimwona mkali bila sababu. Kwao uharibifu wa macho ulikuwa sehemu ya ugonjwa, utakuja sukari ikiwa juu au chini.

Kutojua huko kulifikisha watu mbali. Mwaka 1953 daktari wa Denmark, Jacob Poulsen, alieleza habari za mwanamke mwenye kisukari ambaye alitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, tezi yake ya pituitari iliyo chini ya ubongo ikafa, na madhara kwenye retina yake yakapungua. Kutokana na kisa hicho, madaktari wa upasuaji wa Ulaya na Marekani wakaanza kuwaondoa au kuwaharibu wagonjwa wa kisukari tezi hiyo kwa makusudi ili kuokoa macho. Mgonjwa alibaki akimeza homoni maisha yake yote. Njia hiyo iliachwa baada ya utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 1976 kuonyesha kwamba miale ya leza, ikichoma pembezoni mwa retina, hupunguza upofu mkubwa kwa zaidi ya nusu.

Wakati huohuo, Jean Pirart wa Brussels alikuwa na daftari lake. Kuanzia 1947 hadi 1973 alifuatilia wagonjwa 4,400, na alipochapisha matokeo mwaka 1978 picha ilikuwa wazi: kadiri sukari ilivyokaa juu kwa miaka mingi, ndivyo macho, figo na mishipa ya fahamu vilivyoharibika. Wapinzani walisema, na hawakukosea, kwamba kufuatilia si kuthibitisha. Pengine wenye sukari ngumu kushuka ndio wenye ugonjwa mkali tangu mwanzo.

Jibu lilitoka Marekani na Kanada. Kuanzia mwaka 1983 vituo 29 viliandikisha vijana na watu wazima 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, wa miaka 13 hadi 39. Nusu waliendelea na tiba ya kawaida ya wakati huo, sindano moja au mbili za insulini kwa siku. Nusu nyingine walichoma sindano tatu au zaidi, au walitumia pampu, walipima sukari angalau mara nne kwa siku na kuonana na timu ya kliniki kila mwezi. HbA1c ya kundi la kwanza ilikaa karibu na asilimia 9, ya kundi la pili karibu na 7. Utafiti ulisimamishwa mwaka 1993, mwaka mmoja kabla ya wakati, kwa sababu jibu lilikuwa limeshapatikana. Miongoni mwa walioanza wakiwa na macho safi, kubana sukari kulipunguza hatari ya retina kuharibika kwa asilimia 76. Kwa walioanza na madhara kidogo, kasi ya kuharibika ilipungua kwa asilimia 54.

Takwimu hizo hunukuliwa kila mahali. Ambayo hayanukuliwi sana ni mambo mawili yaliyomo ndani yake, na kwa mgonjwa wa kawaida huenda yana uzito zaidi.

La kwanza ni kwamba kwa takriban miaka mitatu ya mwanzo tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuonekana. Watu walijichoma vidole mara nne kwa siku, walihesabu kila kijiko cha wali, na macho yao hayakuonyesha faida yoyote. Kibaya zaidi, wapo ambao macho yalizidi kuharibika katika mwaka wa kwanza: asilimia 13.1 ya waliobana sukari, dhidi ya 7.6 ya waliobaki na tiba ya kawaida. Mwishowe hao walioumia mwanzoni walifikia hali iliyo sawa au bora kuliko wenzao wa tiba ya kawaida. Lakini hebu fikiria mtu wa Mwanza aliyeambiwa abadilishe chakula, aanze insulini, akatii yote, na miezi sita baadaye macho yanafifia. Nani atamlaumu akisema insulini ndiyo iliyompofua? Uvumi huo upo kila soko. Haukuzuka hewani, umezuka kwa jambo la kweli ambalo mgonjwa hakuelezwa mapema.

Hali hiyo haikuishia kwenye insulini. Mwaka 2016 utafiti wa dawa ya semaglutide, ambayo sasa inatafutwa pia na wanaotaka kupungua uzito, ulikuta matatizo ya retina kwa asilimia 3.0 ya walioitumia dhidi ya 1.8 ya wasioitumia, zaidi kwa wale ambao macho yao yalikuwa yameshaguswa na sukari yao ikashuka kwa kasi. Somo la kitabibu hapa si kuogopa kushusha sukari. Ni kwamba mwenye HbA1c ya 12 aangaliwe macho kabla ya kuanza safari ya kuishusha, na kama retina yake ina hali mbaya, apigwe leza au achomwe sindano ya jicho kwanza, au ashushe sukari huku macho yakifuatiliwa kwa karibu.

La pili linahusu kumbukumbu. Baada ya 1993 wote walifundishwa kubana sukari, na katika miaka michache HbA1c za makundi mawili zikakutana, kwenye 8 hivi. Ungetegemea macho nayo yakutane. Hayakukutana. Waliobana sukari mapema waliendelea kwa miaka mingi kupata madhara machache kuliko wenzao, ingawa sasa sukari zao zilikuwa sawa. Miaka ile ya utafiti, wastani wa sita na nusu kwa kila mshiriki, ilikuwa imeandikwa mwilini. Kwa hiyo ile kauli inayosikika sana, "sukari imepanda kidogo tu, nitaanza dawa ikizidi", inapoteza miaka ambayo mwili hauisahau.

Hayo ni ya kisukari cha aina ya kwanza. Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wana aina ya pili, ya watu wazima, na kwao ushahidi mkubwa ulitoka Uingereza. Robert Turner wa Oxford alianza mwaka 1977 kuandikisha watu waliogundulika karibuni, jumla 5,102. Zaidi ya theluthi moja walikuwa tayari na madhara kwenye retina siku ileile waliyogunduliwa kisukari, maana ugonjwa ulikuwa umekaa kimya kwa miaka. Matokeo yalipotoka mwaka 1998, kushusha HbA1c kutoka 7.9 hadi 7.0 kulikuwa kumepunguza madhara ya mishipa midogo kwa robo, na sehemu kubwa ya faida hiyo ilikuwa watu wachache zaidi kuhitaji leza ya macho.

Ndani ya utafiti huohuo kulikuwa na jambo lililowashangaza wengi. Wagonjwa 1,148 wenye presha walipewa tiba kali au tiba ya kawaida ya presha. Wastani wa kundi la kwanza ulikuwa 144/82, la pili 154/87, tofauti ya pointi kumi tu. Kuharibika kwa retina kulipungua kwa asilimia 34, na kupoteza uwezo wa kuona kwa asilimia 47. Vidonge vya presha ni vya bei nafuu, vipo hata kwenye zahanati nyingi, na kupima presha hakuhitaji tone la damu. Mgonjwa wa kisukari anayelipia vipimo vya sukari huku presha yake ikiwa 160 kila mwezi anapoteza macho kwa mlango wa pili.

Je, basi sukari ishushwe hadi wapi? Hapa ushabiki hudhuru. Utafiti mwingine wa Amerika Kaskazini, uliohusisha watu 10,251 wa umri wa wastani wa miaka 62, ulilenga HbA1c chini ya 6. Macho yalinufaika: baada ya miaka minne retina zilizidi kuharibika kwa asilimia 7.3 dhidi ya 10.4. Lakini mwezi Februari 2008 sehemu hiyo ilisimamishwa kwa sababu waliobanwa sana walikuwa wakifa zaidi. Mzee wa miaka 70 anayeishi peke yake na kuchoma insulini hapaswi kufukuzia namba ya kijana. Sukari ikimshuka saa nane za usiku hakuna wa kumkorogea maji ya sukari. Kwa wengi lengo ni 7 hivi, kwa wazee na wenye maradhi mengine hata 8 inakubalika. Na mwenye kuchoma insulini anayetaka kufunga Ramadhani aonane na daktari wake wiki kadhaa kabla ili dozi zipangwe upya.

HbA1c nayo ina mipaka yake, hasa huku. Mwenye sikoseli, mwenye upungufu mkubwa wa damu au aliyeongezewa damu karibuni anaweza kupata jibu linalopotosha, kwa sababu chembe zake hazikuishi muda wa kawaida. Kwa hao daftari la vipimo vya nyumbani, kabla na baada ya kula, husema ukweli zaidi.

Ukubwa wa tatizo umebadilika ndani ya kizazi kimoja. Mwaka 1989 Donald McLarty wa Muhimbili, Andrew Swai na wenzao walichapisha utafiti wa vijiji vya Tanzania ulioonyesha kisukari kwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Upimaji wa kitaifa wa 2012 ulikuta karibu asilimia 9 kwa wenye miaka 25 hadi 64. Mbinu na umri wa waliopimwa havifanani, kwa hiyo namba hizo hazilinganishwi moja kwa moja, ila mwelekeo hauna ubishi. Nchini Kenya, utafiti wa macho uliofanyika Nakuru mwaka 2007 na 2008 kwa watu wa miaka 50 na kuendelea ulikuta zaidi ya theluthi moja ya wenye kisukari wana madhara kwenye retina.

Na kuna dalili kwamba mambo yanawezekana. Moshi, timu ya macho ya hospitali ya KCMC imekuwa ikiwafuata wagonjwa kwenye kliniki zao za kisukari mkoani Kilimanjaro ikiwa na kamera, badala ya kusubiri waje. Rwanda, Daktari Wanjiku Mathenge na wenzake walijaribu programu ya kompyuta inayosoma picha ya retina papo hapo. Matokeo ya 2022: walioambiwa jibu palepale walikwenda kwa daktari wa macho kwa asilimia 51.5, waliosubiri siku kadhaa asilimia 39.6. Ni hatua, ingawa karibu nusu ya walioambiwa jibu uso kwa uso bado hawakwenda. Nauli, foleni, siku ya kazi inayopotea, na lile swali la kwani macho yangu yana nini, havitibiwi na kompyuta.

Uingereza ilianza mwaka 2003 kuwapiga picha za macho wenye kisukari wote kila mwaka. Ripoti ya 2014 ilionyesha kwamba, kwa mara ya kwanza katika miongo mitano, kisukari hakikuwa tena chanzo kikuu cha upofu kwa watu wa umri wa kufanya kazi Uingereza na Wales. Nchi ile ina fedha, hilo halipingiki. Lakini haikutumia muujiza wowote: picha kila mwaka, tiba kwa wakati, sukari na presha vilivyofuatiliwa. Hata sindano ya jicho ina njia ya unafuu. Bevacizumab, dawa ya saratani ambayo madaktari wa macho wameitumia kwa dozi ndogo tangu 2005, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2013.

Wizara za afya zinaweza kuanza na jambo moja lisilohitaji jengo jipya: kamera na kipimo cha HbA1c viwe kwenye kliniki ya kisukari yenyewe, siku ileile mgonjwa anapokuja kuchukua dawa. Kumpa karatasi ya rufaa aende jengo jingine, mji mwingine, mwezi mwingine, ni kumpoteza. Redio nazo ziache kuuza muda wa hewani kwa watu wanaotangaza mitishamba ya kumaliza kisukari kwa siku 21, kwa sababu msikilizaji anayeacha metformini yake haonyeshi dalili kwa miaka, na akianza kuziona nyuzi nyeusi mwuzaji ameshahamia dawa ya nguvu za kiume.

Kwa sasa kazi imebaki kwa mgonjwa na nduguze. Mwenye kisukari cha aina ya pili aangaliwe retina siku anayogunduliwa, kisha kila mwaka. Wa aina ya kwanza aanze ndani ya miaka mitano. Mama mwenye kisukari anayepanga kubeba mimba aangaliwe kabla, na tena miezi mitatu ya mwanzo, kwa kuwa mimba huharakisha madhara. Ajiandae kwamba matone ya kupanua mboni yatamfanya asione vizuri karibu kwa saa kadhaa na jua litamchoma macho, hivyo aje na mtu na asiendeshe pikipiki kurudi.

Anayekwenda kliniki wiki ijayo aulize mambo matatu: HbA1c yake ya mwisho ilikuwa ngapi, presha yake ni ngapi, na macho yake yalipigwa picha lini. Kama jibu mojawapo halimo kwenye daftari lake, asiinuke kwenye kiti kabla halijaandikwa au hajapewa tarehe ya kulipata.